Mulango ya Mama Bukwe

Karatasi ilikuwa pa meza, chini ya kikombe, na Kalaba aliisoma mara tatu. Mara ya kwanza alisoma wima. Mara ya pili alitosha kofia. Mara ya tatu aliikala. Mia tano na makumi sita falanga. Na kule chini kabisa, na ile crayon nene ya ba-charpentier, bafundi ba mbao, jina: Mutale.

"Mama Annie," akaita.

Bibi yake Régine alikuwa inje, anachambua lengalenga pa kivuli ya nyumba. "Niko."

"Kuya uone hii karatasi."

"Sijue kusoma, Baba Annie. Na unajua asema sijue kusoma."

"Haiko kusoma. Ni kuona paka namna iko murefu."

Na vraiment ilikuwa murefu. Ku mwanzo, mulango: mia tatu na makumi tano, sawa vile balipatana. Na ile Kalaba hakukuwa na neno. Mais chini ya mulango kulikuwa bandugu yake. Dirisha kidogo mu mulango, na kifuniko yake: makumi nane. Kiti kidogo, nyuma ya mulango: makumi sita. Kibao ya kuwekea kikombe, nyuma ya mulango: makumi ine. Chuma ya pili ya kufungia kwa ndani: makumi tatu. Yote pamoja, mia mbili na kumi ya juu.

Kalaba akasimama, akaenda kutazama nyuma ya mulango yake. Mulango ilifika siku tatu mbele ya karatasi, na yeye hakukuwa ametazama kule nyuma, juu nani anatazamaka nyuma ya mulango? Kiti ilikuwa pale, na kipande ya kikwembe juu yake ya kulainisha. Kibao ilikuwa pale. Juu ya kibao, kikombe ya chai, ingali na moto kidogo.

"Mama Annie, umejifanyia salon nyuma ya mulango."

Régine alikamata jani moja, akaitazama muzuri huku na huku, akaitupia kuku.

Lazima niseme kintu moja mbele ya kuendelea, juu beye ba leo munakula na mama bukwe mu sahani moja, na munamuita na jina yake. Mu 1955, mu Katuba, mu Élisabethville, haikukuwa vile. Muntu anaoa mutoto yako, weye mama hauone uso yake, na yeye haone yako, paka baba njo anasema naye. Akipita mu njia, unajificha. Akikuya mu kiwanja, unaingia mu nyumba. Haiko chuki. Ni heshima, mais ni heshima ya kuchokesha. Na ndugu mukubwa ya ule mwenye alioa, ni sawasawa na yeye mwenyewe.

Sasa Annie, mutoto ya Kalaba na Régine, aliolewa mwaka ya nyuma na kijana ya ku reli, jina Jeannot. Jeannot alikuwa anaikala avenue ya nyuma. Kwenda kazi, alipita mbele ya nyumba ya bukwe na kinga yake, baiskeli, na alikuwa anapiga kengele toka mbali. Saa sita kurudia kula, alipita. Kurudia kazi, alipita. Mangaribi, alipita. Dimanche alipita juu ya misa. Na kila mara Régine, mbio, nyuma ya mulango, wima, mpaka kinga ipite. Kisha muchwa ikakula ile mulango. Ikaikula polepole, kwa ndani, bila kusumbua muntu, mpaka asubuhi moja Kalaba alivuta kishikio, kishikio ikakuya naye, mulango ikabakia.

Charpentier mwenye alichagua alikuwa Mutale, ndugu mukubwa ya Jeannot. Kalaba alifikiri: ule ni bukwe, hataniibia. Mutale naye alifikiri: ule ni bukwe, hatakosa kulipa. Bale babili balifikiri muzuri, paka kila muntu kwake. Balipatana mu atelier ya Mutale, mbele ya bantu: mulango ya mulombwa, mbao ya kweli, haiko ya ma-caisse, ya masanduku, na charnière tatu ya kuizungushia na serrure ya kufungia, mia tatu na makumi tano, kulipa mulango ikisimama. Balipeana mukono. Mutale akapima, akakata, akakuya kupigilia, siku mbili nzima.

Na ile siku mbili, Kalaba alikuwa ku kazi. Régine alikuwa mu chumba ya kulala, anajificha. Pakati yake na charpentier, ukuta. Na inje, pembeni ya ukuta, alikuwa Ma Léonie, jirani, mama ya kusaidia bantu, zaidi kama habakumuita.

"Ma Léonie," Régine anasema mu chumba, "kama muntu angefikiri kidogo, angetoboa kidirisha mu ile mulango, nikuwe naona kama ni Jeannot anapita ao ni muntu bure."

"Mutale," Ma Léonie anasema inje, "mama bukwe anataka kidirisha."

Njo vile. Kidirisha, kisha kiti juu miguu inamuuma, kisha kibao juu chai inapoa pa chini, kisha chuma ya pili. Na kila mara Mutale alikuwa anaitika na nyundo.

"Basi ni weye ulimutuma," Kalaba akasema.

"Miye? Miye ninasemaka na bukwe? Nilisema na Ma Léonie. Na Ma Léonie alisema na mulango."

"Na nani atalipa? Ma Léonie ao mulango?"

"Nilizani anafanya juu ya heshima," Régine akasema, na sauti yake ikakuwa kidogo. "Muntu anakufanyia heshima, kisha anaandika bei ku pembeni?"

Kalaba alikuwa na mia tatu na makumi tano mu mukebe ya maziwa, na falanga kumi mu kapoti. Ya zaidi hakukuwa nayo, na mushahara ilikuwa mbali.

*

Samedi, kisha kazi, alienda kule atelier. Alikuta Mutale anapiga randa, na babwana babili baliikala juu ya mbao. Bale habakukuwa na mulango ya kutengeneza. Bantu kama bale banakuwaka mu kila atelier, na sijapata kujua banakula nini.

Mutale akatosha kofia. "Tata, ikala."

"Siikale. Nimeleta feza ya mulango."

Mutale alihesabu polepole, akaweka feza juu ya mbao, akaweka nyundo juu ya feza. "Inabakia mia mbili na kumi, tata."

"Ile sikupatana na weye."

"Mama alipatana."

"Mama hasemake na weye."

"Njo pale mateso yangu iko," Mutale akasema. "Sikiliza, tata. Muntu mwingine akiniambia, Mutale, weka kiti, ninamuuliza: unalipa ngapi? Akisema bure, ninamucheka. Mais mama bukwe akisema kule nyuma ya ukuta, nimujibu nini? Sina ruhusa ya kumujibu. Namna gani nitamukatalia muntu mwenye sina ruhusa ya kusema naye?"

"Na miye, namna gani nitalipa kintu hakuna muntu aliniuliza?"

Babwana ba pa mbao balitazama huyu, balitazama ule. Moja, jina Clovis, akasema, "Bote babili biko na haki. Ni mubaya."

"Tata," mwenzake akauliza, "ile kiti, mama anaikala pale mara ngapi mu siku?"

"Mara ine. Dimanche zaidi."

"Alors ile ni kiti ya kazi."

Balicheka, na Kalaba akasikia masikio inapata moto. Akasogea pa randa. "Mutale, mutoto yangu, sikiliza na miye. Kidirisha ni ya kuchungulia nani? Jeannot. Kiti ni ya kungojea nani apite? Jeannot. Kama hamukukuya kuoa kwangu, bibi yangu angekuwa anaikala mbele ya nyumba yake sawa bamama bote, bure. Ile facture, ile karatasi ya bei, upelekee ndugu yako."

Mutale alitaka kucheka. Mais kucheka tata bukwe mbele ya bantu, haiwezekani. Akatia musumari mu kinywa, akaiuma mpaka kicheko ikapita. Kisha akasema, na uso ya kazi, "Mbao nilikopa kwa Mugiriki ya magazini, tata. Mardi anakuya kutafuta feza yake. Ulipe yote, ao nikamate mulango, ikae hapa mpaka utapata."

"Mulango?" Kalaba akatosha nyundo juu ya feza yake, akarudisha feza mu mufuko. "Enda. Ubebe."

Alisema vile juu alijua asema hakuna muntu mu Katuba mwenye angesubutu.

*

Mutale alisubutu. Alifika ile siku ile, saa kenda ya muchana, jua ingali kali, na aliingia mu kiwanja kinyumanyuma, mugongo mbele, kofia ku macho, tournevis ya kufungulia charnière mu mukono.

"Odi," akaita, na uso iko ku njia. "Mama bukwe ajifiche. Ninakuya na mugongo."

Avenue yote ilitoka. Mutale alifungua charnière tatu bila kutazama, mikono nyuma, sawa muntu anajikuna. Misumari ya kuzungusha ikaanguka, bantu bakamuonyesha: hapa, hapana, kule, ku muguu ya kushoto.

"Ma Léonie," Régine akasema mu chumba, "mwambie asikwaruze ukuta."

"Mutale, usikwaruze ukuta."

"Ndiyo, mama," Mutale akaambia njia.

Akabeba mulango ku kichwa, na kidirisha yake, akaenda. Kiti na kibao aliacha, juu bilipigiliwa mu ukuta. Sasa mu nyumba ya Kalaba kulikuwa salon ya nyuma ya mulango, bila mulango.

Balitundika kikwembe. Upepo ikaibeba. Balitundika gunia. Kuku ya bantu ikaingia chini, mbuzi moja ikaingia pakati, ikalala sawa iko kwabo. Mais haiko mbuzi njo iliumiza Kalaba. Ni kula. Siku ya kwanza balikula bukari na samaki, na muntu moja akapita mu njia, akasema, "Tunaona samaki, Baba Annie." Siku ya pili balikula bukari na lengalenga, na bantu bakapita, hakuna mwenye alisema kintu. Ile ilikuwa mubaya zaidi.

Na Régine. Kengele ya kinga ikilia, Régine anaacha chungu, mbio mu chumba. Maharagi iliungua dimanche, ikaungua lundi. Jeannot naye, kijana ya heshima, alianza kupita na veste ku kichwa, ya kuziba macho. Lundi saa sita akaingia na kinga mu meza ya nyanya ya Ma Léonie. Kutoka pale akabadilisha njia, akakuwa anazunguka mbali. Annie alikuya mercredi kuonyesha mama yake kadi ya kazi ya Jeannot: balikata robo ya siku, juu ya kuchelewa.

"Mama," akasema, "bwana yangu anazunguka Katuba muzima juu ya mulango yenu. Mutale akuwe charpentier yenu, ao akuwe bukwe. Yote mbili pamoja itatumaliza."

Kwa Mutale pia haikukuwa sukari. Mugiriki alikuya mardi, na Mutale akamuomba siku tano. Mulango ilikuwa imesimama mu atelier, na kila muntu mwenye aliingia aliuliza, hii ni ya nani, iko na jicho? Kuuzisha haikuwezekana. Ilipimwa juu ya nyumba moja, na juu ya mama moja.

Jeudi, Régine aliikala mbele ya bwana yake. "Soma tena ile karatasi. Yote."

Kalaba akasoma. Pa kidirisha Régine akamukatiza. "Makumi nane ya tundu? Tundu ni hewa. Anauzisha hewa." Mbuzi ya bantu ilikuwa inamutazama. "Umwite Mutale. Ninataka kusema naye miye mwenyewe."

"Namna gani utasema naye?"

"Na kinywa."

"Mama Annie. Na coutume, desturi yetu?"

"Coutume haikatale. Coutume iko na bei yake, unaijua. Paka tulizani tutangojea mpaka Annie azale."

*

Njo vile ilikuwa kwetu: bukwe inafunguliwaka. Mwenye anataka kuona uso ya mama bukwe anatoa feza ya macho, na bei anaisema mama. Akitoa, inamalizika. Banatazamana, banasemana, na yeye anaanza kukula mu ile nyumba.

Samedi Mutale alifika, mugongo mbele. Clovis na mwenzake balimufuata, juu habakukuwa na kazi. Balimupatia kiti, akaikala, uso ku njia. Kalaba pembeni ya meza. Régine nyuma ya gunia. Na Ma Léonie pakati, na furaha, sawa muntu ya posta siku ya barua mingi.

"Ma Léonie," Régine akasema, "umuulize: anataka kuendelea kuniandikia facture kwa kinywa ya bantu, ao anataka kuniona?"

"Mutale, anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie ninataka kuona. Shingo inaniuma."

"Mwambie ni mia tatu."

Mutale akakohoa. "Mia tatu? Kwetu ni kuku moja na falanga makumi tano."

"Ile ni ya muntu anakuya na uso mbele. Yeye alikuya na mugongo, akabeba mulango, na siku saba Katuba yote inaniona bure. Bale ba Katuba nitabadai wapi?"

"Mutale," Clovis akasema, "ulifungua sinema. Lipa."

"Mia moja," Mutale akasema.

"Mia mbili na makumi tano. Na umwambie, miye nikipatana bei na muntu, siongezake kintu kisha."

Ile neno ilipita mu gunia, ikamufikia Mutale mu mugongo, na bantu bote balimuona vile ilimufikia. Kalaba alitazama chini. Mutale akajikuna shingo.

"Mia moja na makumi tano, na kuku."

"Kuku niko naye. Mia mbili. Ni ya mwisho."

Mutale alitazama njia murefu. Alikuwa anahesabu, midomo inacheza. Kidirisha, kiti, kibao, chuma. Mulango mwenye hakuna muntu atanunua. Mugiriki.

"Mia mbili," akasema. "Napatana."

"Mukono," Régine akasema. Mukono moja ikatoka pembeni ya gunia, mukono ingine ikarudi nyuma ya kiti, zikatafutana mu hewa mpaka Ma Léonie akazikutanisha.

Kalaba akaweka pa meza mia tatu na makumi tano, na ile kumi ya mu kapoti. "Mia tatu na makumi sita," akasema. "Inabakia mia mbili. Na mia mbili ni ya macho. Imekwisha."

"Haijakwisha," Régine akasema. "Feza ya macho, macho yenyewe inaionaka."

Basi Mutale akakamata feza yote, akatosha pale mia mbili, akaipitisha nyuma. Régine akaikamata nyuma ya gunia, akaihesabu, akaipatia bwana yake. Kalaba akaipatia Mutale. Mwenzake ya Clovis alikuwa anaifuata na kidole. "Sasa nani amelipa nani?" akauliza. Mutale akatosha crayon yake, akaandika pa karatasi: mia tano na makumi sita, yote imelipwa. Bei yake ilisimama vile aliiandika, hakuna mwenye angesema aliishusha. Feza mu mukono yake ilikuwa mia tatu na makumi sita. Mugiriki angepata yake, na yeye angebakia na kidogo.

Kisha akageuka.

Régine alikuwa amesogeza gunia. Balitazamana. Mwaka muzima bale babili balikuwa banakimbiana mu njia.

"Kumbe uko mufupi," Régine akasema. "Na ile nyundo, nilizani uko murefu."

"Mama," Mutale akasema. Akatosha kofia, akairudisha, akasema, "Ngoja nilete mulango."

Aliileta uso mbele. Na pale njo Régine aliona kintu hakufikiria. Alisimama nyuma ya Mutale, akaanza kumutuma, yeye mwenyewe, na sauti ya juu: shusha kidogo, pandisha, na ku chini pale ungetia kipande ya mpira ya kuzuia maji. Mutale alikuwa na misumari mu kinywa. Akaitosha moja moja.

"Mpira ni falanga kumi na tano, mama."

"Na kishikio ya pili, ku inje?"

"Makumi mbili."

"Basi acha."

"Ninaacha," Mutale akasema, na uso yake ikakuwa na raha mwenye haikukuwa nayo toka siku mingi. Kalaba aligeuka kutazama ukuta, mabega inatetemeka na kicheko.

Bukwe ikifunguliwa, lazima kula. Régine alikuwa amepika toka asubuhi, na harufu ilishafika avenue ya tatu. Bantu balisimama mu njia, Clovis na mwenzake mbele kabisa. Ma Léonie alishanawa mikono.

"Ma Léonie, ndugu yangu," Régine akasema, na akamushika mukono muzuri, "ulitusaidia mingi. Sasa tunasikilizana. Kesho nitakuletea yako mu sahani." Na akamusindikiza mpaka inje, akarudi, akavuta mulango ya mulombwa. Serrure ikalia. Chuma ya pili ikaingia.

Ma Léonie alikaa pale kidogo, kisha akainama pa kidirisha. "Bajirani, munakula nini?"

Kifuniko ikafungwa kwa ndani, polepole, na heshima yote.

Bengine banasema balikula kuku. Clovis alihakikisha mpaka kufa kwake asema ilikuwa samaki ya ziwa Moero, na mafuta ya karanga. Miye nimebaambia yote ile nilijua, mais ile sijue. Mulango ilikuwa imefungwa.